Mtoto wa miezi minne, baba asiyesali na bibi mwenye haraka

Mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, Kongo, ameniandikia. Barua yake ni ndefu, naifupisha. Yeye ni Mkatoliki. Mumewe ni wa kabila la Warega, wa Mwenga, alikulia katika kanisa la Kipentekoste, lakini tangu ujana hakanyagi ibada yoyote. Walifunga ndoa parokiani kwa ruhusa maalumu. Binti yao wa miaka 9 alibatizwa akiwa mchanga na baba hakupinga. Sasa wana mvulana wa miezi 4, na safari hii baba amekataa. Anaendelea hivi: "Anasema kumtia mtoto dini kabla hajajua kusema ni kama kumposea mke angali mgongoni. Tuwaache wote wawili, wakifika miaka 18 watachagua. Binti naye analia, rafiki zake wako kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, na anataka gauni jeupe kama wao. Mama yangu mzazi hanipi usingizi: mtoto akifa bila maji, tutamzika kama nani? Mzee, nani ana haki?"

Jambo mama. Nitoe jibu kwanza, usije ukasoma na roho juu. Wafundishe watoto imani yako, nyumbani, kila siku, bila kujificha. Lakini yale maneno ambayo kanisa linamtaka mtoto ayaseme yeye, na ayaseme yeye kweli, akijua kwamba anaweza kukataa na bado akala chakula cha jioni. Na huyu mchanga asifikishwe kwenye kisima cha ubatizo bila baba yake kujua na kukubali.

Unaona mambo hayo matatu yanasukumana kidogo. Ndiyo maana siwezi kukujibu kwa mstari mmoja. Mimi si padri. Nilikuwa katekista, mwalimu wa dini parokiani, miaka kumi na moja, kisha nikafundisha saikolojia ya mtoto kwa walimu vijana, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kusikiliza ndoa.

Nianze na baba watoto, kwa sababu nadhani nyumbani kwenu hakuna anayemsikiliza. Hoja yake si ya mtu mvivu wa kusali. Mwanafalsafa wa Marekani, Joel Feinberg, aliiandika mwaka 1980: kuna haki ambazo mtoto hawezi kuzitumia leo, zinawekwa akiba mpaka akue, na mzazi ni mtunza akiba tu. Asizile yeye. Feinberg alikuwa na kesi moja kichwani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliwaruhusu wazazi wa Kiamishi, Wakristo wa mashambani wanaosafiri kwa magari ya farasi, kuwatoa watoto wao shuleni baada ya darasa la 8. Wazazi walishinda. Lakini jaji mmoja, William Douglas, aliuliza jambo ambalo wenzake hawakulipa uzito: tunagawana haki za wazazi na za serikali hapa, je, watoto wenyewe wameulizwa?

Sheria tuliyo nayo sisi inasimama katikati. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua aina ya malezi ya watoto wao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1990, unasema katika kifungu cha 14 kwamba mtoto ana uhuru wa dhamiri na wa dini, na wazazi wanamwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Angalia neno hilo, kadiri. Kamba inalegezwa polepole, haikatwi siku moja mtoto anapotimiza miaka 18. Na katiba imesema wazazi, haikusema mama peke yake.

Kwa hiyo usimwite mpagani, na mama yako asimwite hivyo mbele ya watoto. Mngoje usiku mmoja watoto wamelala, umwulize: ulipokuwa mdogo, kanisani walikufanyia nini? Nimekaa na wanaume wengi wa umri wake. Mmoja alifungishwa kula siku tatu akiwa na miaka saba kwa sababu alikojoa kitandani na mtu akasema ni pepo. Mwingine alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba tupu, akaamini Yesu amekuja akawachukua wote akamwacha yeye. Akakaa mlangoni akilia mpaka mama yake aliporudi kutoka sokoni na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Leo ana miaka arobaini na bado anakumbuka harufu ya zile sambaza. Mtu kama huyo akikwambia "tuwaache watoto", hakuletei falsafa. Anazuia mlango usije ukafunguliwa tena.

Ila kuna mahali anakosea. Anadhani msipowafundisha, watoto watabaki kama shamba lililolazwa. Hapa Bukavu shamba halilali, mama. Alfajiri kipaza sauti cha chumba cha maombi kimeshaamsha kartye, mtaa mzima, na mwadhini naye ameita. Kwenye taxi kuna mahubiri. Shule nyingi zinaendeshwa na makanisa kwa mapatano na serikali, kwa hiyo dini iko kwenye ratiba kati ya hesabu na Kifaransa. Ukinyamaza wewe, mtoto hatabaki bila dini, atakuwa na dini ya yule mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko wote.

Nimeona kwa macho yangu nini hutokea kiti cha anayewafundisha watoto dini kikiachwa wazi. Nilikuwa darasa la tatu Rais Mobutu alipozichukua shule za makanisa, mwisho wa 1974. Jina langu la ubatizo lilikuwa limeshafutwa kwenye karatasi tangu 1972. Krismasi ya 1974 haikuwa sikukuu tena. Somo la dini likaondolewa, tukapewa uraia na siasa ya chama. Asubuhi tulipanga mistari chini ya bendera, tukaimba na kukata kiuno kwa ajili ya Kiongozi, na mwalimu wetu, yuleyule aliyetufundisha Baba Yetu mwaka uliotangulia, alituongoza kwa makofi yaleyale. Kiti hakikukaa wazi hata wiki moja. Februari 1977 serikali ilisaini mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, wafuasi wa Simon Kimbangu, shule zikarudi mikononi mwao, na mwalimu akarudi kwenye Baba Yetu bila kueleza lolote. Tulikuwa watoto, lakini tuliona.

Mumeo ni wa Mwenga, basi mkumbushe jambo ambalo analijua kuliko mimi niliye wa kabila jingine, Mshi. Kwa Warega, kijana alitahiriwa bila kuulizwa kama anapenda. Hiyo ilifanywa juu yake kwa sababu ni mtoto wao. Lakini bwami, chama chao cha kupanda ngazi kwa ngazi, ilikuwa kitu kingine. Tohara ilimpa tu ruhusa ya kusogea mlangoni. Kuingia ngazi ya kwanza, kongabulumbu, ilibidi aombe, ndugu wamchangie mali, wazee wamwangalie tabia, apate wa kumdhamini. Kila ngazi ilikuwa na ngoma yake, vitu vyake vya kuonyeshwa, methali zake. Wachache sana walifika kindi, ile ya juu kabisa, na mke alipanda pamoja na mumewe. Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1948, na haikufa. Ninachokitaka hapa ni ule mpaka waliouweka: kuna kinachofanywa juu ya mtoto kwa sababu ni wetu, na kuna kinachongoja aombe.

Makanisa nayo yana mpaka huohuo, ila kila moja limeuchora mahali pake. Sisi Wakatoliki tunabatiza kwanza, tunauliza baadaye. Wapentekoste, hata lile kanisa alilolikimbia baba watoto, wanamleta mtoto mchanga mbele, mchungaji anambariki, na maji mengi yanangoja akiri mwenyewe. Jirani zenu Waislamu wanamwadhinia sikioni akizaliwa, siku ya saba wanafanya akika, yaani wanamchinjia mnyama, na sala anaanza kufundishwa akiwa na miaka 7. Hakuna hata mmoja anayemwacha mtoto mtupu mpaka miaka 18.

Sasa, mtoto anaelewa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia David Elkind aliwauliza watoto wa Kiyahudi, Wakatoliki na Waprotestanti huko Marekani maswali yanayochekesha. Mojawapo: je, mbwa au paka anaweza kuwa Mkatoliki? Aligundua kwamba wadogo wa miaka mitano hadi saba wana jina tu, wanalibeba kama jina la ukoo. Wa miaka saba hadi tisa wanaitambua dini kwa vitendo: Mkatoliki ni yule anayekwenda misa. Kuanzia miaka kumi hivi, mtoto anaanza kusema dini ni kile mtu anachoamini ndani.

Nililijaribu swali hilo kwenye avenyu yetu, watoto wamekaa juu ya tofali wanangoja maji kwenye bomba. Wa miaka sita alisema mbwa hawezi kuwa Mkatoliki kwa sababu hana viatu. Wa miaka minane: hawezi, atabweka padri akihubiri. Msichana wa miaka kumi na mmoja alifikiri, akavuta bidoni yake mbele hatua moja, akasema: "Hawezi, kwa sababu hawezi kukataa." Nilifundisha mafundisho miaka kumi na moja na sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Binti yako ana miaka 9. Yuko kwenye vitendo: misa, wimbo, mstari, gauni. Hiyo si imani ya uongo, ni imani ya umri wake. Papa Pius wa 10 alijua hivyo mwaka 1910 aliposhusha umri wa komunyo ya kwanza hadi karibu miaka 7. Kabla ya hapo watoto walingojeshwa hadi kumi au hata kumi na minne. Lakini binti yako hajafika bado kwenye "nasadiki" ya ndani. Hiyo itakuja na kipaimara, pale kijana anapokiri imani mwenyewe na askofu kumpaka mafuta, na hapo ndipo wazazi wengi Wakatoliki wa mji huu tunaharibu. Mimi wa kwanza.

Kijana wangu wa pili, akiwa na miaka kumi na mbili, aliniambia hataki kipaimara. Hakuwa na kiburi, alisema tu, "Baba, bado sijui." Nilikuwa katekista. Nitaonekanaje mbele ya shirika, watoto wa wengine nawaandaa mimi, wangu abaki nyumbani? Nilimnyang'anya mpira wake, nikaufungia kabatini wiki sita. Akaenda. Siku yenyewe niliketi benchi la pili, nikiwa na koti. Askofu akauliza: mnamkataa Shetani? Watoto wakapaza sauti. Mnasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi? Wote wakajibu. Mdomo wa mwanangu ulikuwa umefungwa. Hakutingisha hata kichwa, aliangalia mshumaa. Alipakwa mafuta, tukala nyama, tukapiga picha. Miaka ishirini baadaye, tukiwa tunasubiri pirogi, mtumbwi wa kuvukia, alinikumbusha bila hasira: "Siku ile nilikuwa na kitu kimoja tu cha kwangu, mdomo." Ana watoto wawili sasa. Hasali. Mpira ule nilimrudishia, lakini haukuwa na upepo tena.

Watafiti wameifuata habari hii kwa muda mrefu. Vern Bengtson, wa chuo kikuu cha Southern California, alianza mwaka 1970 kufuatilia familia zaidi ya 350, babu, wazazi, watoto na wajukuu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyoyaona ni kwamba dini inavuka kutoka kizazi hadi kizazi zaidi pale ambapo mtoto anahisi mzazi wake yuko karibu naye na anampenda, hasa baba. Baba mcha Mungu lakini mkali na wa mbali alipitisha kidogo kuliko alivyodhani. Niliposoma hayo nilikumbuka kabati. Kwa hiyo, mama, mume wako asiyesali anayembeba binti mabegani kutoka Nyawera anafanya kazi katika jambo hili, hata kama hajui. Ukimgombanisha na watoto kwa ajili ya dini, utakuwa umekata tawi ulilokalia.

Bibi. Mama yako ana hofu ya kweli, na hofu haijibiwi kwa sheria, lakini sheria zitamsaidia kulala. Mwambie kwamba tangu Katekisimu ya 1992, kitabu cha mafundisho ya Katoliki, kanisa linawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa hati nzima inayosema kuna sababu za kutumaini wokovu wao. Mwambie pia kwamba sheria za kanisa zinamruhusu askofu kutoa idhini mtoto azikwe kikanisa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Na mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kumbatiza, hata muuguzi, hata yeye bibi. Lakini mtoto wenu ananyonya na anacheka. Kwa hiyo asije akammwagia maji kisirisiri siku utakapokwenda sokoni. Usicheke, nimeona. Bibi mmoja alifanya hivyo jikoni na kikombe cha chai, na ikachukua mwaka mzima kabla mkwe wake hajamruhusu tena kumbeba mtoto.

Sheria ya kanisa kuhusu huyu mchanga, niiseme ilivyo, hata ile isiyonisaidia. Inawataka wazazi wabatize watoto katika majuma ya kwanza. Inatosha mzazi mmoja akubali. Lakini inadai pia tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Tumaini likikosekana kabisa, padri anatakiwa aahirishe na kuwaeleza wazazi sababu. Kwenye karatasi, basi, unaweza kwenda peke yako Jumamosi. Mimi nasema usiende. Ubatizo wa mchanga ni neno la wazazi, mtoto hana la kusema pale. Neno hilo likisemwa na nusu ya wazazi mgongoni mwa nusu nyingine, mtoto atalilipia wakati wa kila ugomvi wenu.

Utaniuliza, na ile ahadi niliyosaini siku ya ndoa? Uliahidi kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na walelewe Katoliki, na mumeo akaarifiwa kwamba umeahidi. Yote uwezayo maana yake si kuvunja nyumba. Mwongozo wa Ekumeni wa 1993, wa Vatikani kuhusu uhusiano na makanisa mengine, unasema wazi kwamba ikiwa umejitahidi na bado imeshindikana, hupati adhabu ya kanisa. Endelea kuzungumza naye. Mpe pia kitu cha mkononi: akubali mtoto abarikiwe sasa, hata na padri, bila maji, na mzungumze tena baada ya mwaka. Wanaume wengi hulegea wakijua hakuna anayewasukuma. Wengine hawalegei.

Kuna jambo moja ambalo silizungumzi kwa upole, nalo linawahusu ninyi wote watatu pamoja na bibi. Usimlaze mtoto na njaa kwa ajili ya maombi. Usimtishe kwa moto usiku ili alale. Usimpeleke kwenye chumba cha maombi badala ya santé, kituo cha afya, anapopata homa. Na siku mtu yeyote, awe mchungaji, mkatekista au shangazi, atakapokwambia mtoto wako ana uchawi, mtoe mtoto hapo palepale. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga anayemsingizia mtoto uchawi, mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Mumeo akisikia wewe Mkatoliki unasema hivi kwa sauti, nadhani nusu ya ukuta wake itaanguka.

Sasa binti. Alishabatizwa, na anaomba mwenyewe. Kumzuia kwa jina la uhuru wake itakuwa mzaha. Mwandikishe. Ila mwambieni mambo mawili, na ayasikie kwa baba. Kwamba siku akitaka kuacha mafundisho, aseme, hatapigwa wala kunyang'anywa kitu. Na kwamba baba haamini kama mama, na bado atakuja siku hiyo akae benchi. Mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba hilo kama mnalisema bila kununa. Akiuliza kwa nini baba hasali, usimjibu wewe. Mpeleke kwa baba.

Gauni, lishone. Nimeona mapadri wanaoona aibu kwa ajili ya magauni, na kweli kuna parokia ambapo komunyo imekuwa harusi ndogo. Lakini mtoto anayependa gauni hajakosa imani, ameipenda kwa kile anachoweza kushika. Chagua kitambaa cha bei ya kati, kirefu kidogo chini, mwakani atakuwa amekua. Na mwombe mama mkwe achangie pesa za kushona. Mara ya kwanza atakataa.